Betri ya Nyuma, Fyuzi ya Mbele

Fyuzi ilikuwa nzima. Hilo ndilo lililomkera Tochi kuliko zulia lililoungua, na kuliko moshi wenyewe. Aliichomoa pale mbele karibu na injini, akaiinua kwenye jua, akaigeuza, akaitazama na upande wa pili. Nzima kama ilivyotoka dukani. Waya umeungua, zulia limeungua, na fyuzi iliyowekwa ili ilinde vyote viwili haina hata habari.

Mwenye gari, muuguzi aliyekuwa bado na sare yake ya kazi, alisimama pembeni akisimulia kwa mara ya tatu. "Mume wangu ana miguu mirefu. Jana kaliazima gari, akarudisha kiti nyuma mpaka mwisho. Asubuhi nakaa tu, sijagusa hata ufunguo, nasikia chini yangu kuna kitu kinatafuna. Mara moshi. Nikavuta kiti mbele, kikanyamaza. Nikasema hapana, hili silipeleki kazini, nalirudisha kwa waliolifunga."

"Ulifanya la maana sana," Tochi alisema. Alilala kifudifudi, akaingiza kichwa chini ya kiti.

Betri ya gari lile ilikaa kwenye buti, nyuma kule kwa mizigo. Kutoka huko, waya mnene kama kidole gumba ulipita chini ya kiti cha nyuma, chini ya kiti cha dereva, ukaenda mpaka mbele kwenye injini. Boliti ya reli ya kiti ilikuwa imeutafuna mpira wa waya taratibu, siku hadi siku, mpaka shaba ikabaki wazi. Muuguzi alipokaa, shaba ikagusana na chuma cha gari. Karibu na palipoungua palikuwa na tepu nyeusi iliyozungushwa mara nne na kukatwa mshazari. Hakuna mtu mwingine gereji nzima anayekata tepu mshazari. Ilikuwa kazi ya mkono wake mwenyewe.

Tochi si jina alilopewa na mama yake. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa, na mjomba wake, mwenye gereji, akamchukua akamlea na mkewe, wao wakiwa hawakujaliwa mtoto. Kila alipotoka shule alipitia gereji, na kila alipopitia gereji alikabidhiwa tochi. Alimulika chini ya magari, alimulika ndani ya boneti, alimulika ndani ya mabuti yenye harufu ya mafuta na nguo mbichi. Mkono ulipochoka na mwanga ukahama, mjomba hakupaza sauti. Alisema tu, "Mulika kazi, usimulike fundi." Jina likamganda. Sasa ana miaka thelathini na minne, ana meza yake ya umeme chini ya kipande chake cha bati, na wanaume wazima wenye vitambi bado wanamwita Tochi.

Mjomba naye alikuwa na jina lake, Profesa. Shule ya msingi hakuimaliza. Jina alipewa kwa kejeli siku alipoingiza injini kubwa ndani ya gari lake dogo, akakosa pa kuweka betri, akaipeleka kwenye buti. Waliocheka wakacheka mpaka wakachoka. Kisha wakaanza kurudi mmoja mmoja, kwa sababu gari lile lilikuwa linakwenda, na betri iliyokaa nyuma mbali na joto la injini ilidumu kuliko za kwao. Kejeli ikawa sifa. Ndani ya miaka kumi na minne, kwa hesabu ya Tochi, magari tisa yalifungwa hivyo pale gereji. Matano Profesa aliyafunga huku Tochi akimulika, matatu Tochi aliyafunga mwenyewe, na la tisa lilikuwa lile la kwanza, la Profesa mwenyewe.

Na katika yote tisa fyuzi ilikaa mbele. Profesa alikuwa na sababu yake: fyuzi iwe pale ambapo fundi akifungua boneti anaiona. Nyuma kule chini ya mizigo nani ataitafuta? Tochi alifundishwa hivyo, akaamini hivyo, akafunga hivyo. Mafundi wana ugonjwa mmoja ambao haujapata dawa: jambo likifanya kazi mara tatu, wanaacha kuliuliza maswali.

Sasa, kifudifudi juu ya zulia lililoungua, Tochi aliliuliza swali. Umeme unatoka wapi? Nyuma. Umevujia wapi? Katikati. Fyuzi iko wapi? Mbele, mwisho wa safari kabisa. Ni sawa na bomba kupasuka uani, halafu wewe unakimbilia jikoni kufunga koki. Umeme wote wa betri ulikuwa unamwagika kwenye chuma cha gari bila kuifikia fyuzi. Alijisikia aibu kwanza, halafu hasira, na hasira ikashinda.

Alimkuta Profesa amekaa juu ya giaboksi iliyopinduliwa, anakunywa chai. Fundi wa rangi alikuwa karibu, anasugua mlango kwa msasa, masikio yote mawili yako kwao.

"Mjomba, fyuzi zetu zimekaa mahali siko."

"Siko kivipi?"

Akamweleza. Profesa akanywa chai, akatikisa kikombe, akanywa tena. "Miaka kumi na minne. Gari gani limeungua?"

"Hilo pale."

"Hilo limeungua zulia."

Fundi wa rangi alicheka. Tochi hakumtazama. "Limeungua zulia tu kwa sababu mwenyewe alikuwa amekalia kiti, akakivuta. Je, angekuwa ameliegesha, yeye amelala ndani?"

"Uhamishe waya kidogo, weka tepu, mrudishie mama wa watu gari lake."

"Na mengine manane?"

"Mengine manane yanatembea."

"Nataka kuyaita."

Msasa ulisimama. Profesa aliweka kikombe chini polepole, kama mtu anayeogopa kukivunja. "Ukiwaita watu, unawaambia sijui kazi. Unanivua nguo mchana kweupe, tena wewe niliyekulea."

"Matatu nimefunga mimi. Nitaanza kujivua mwenyewe."

"Sikiliza, Tochi. Ita hata gari moja, na meza ile siyo yako tena. Na nyumbani kwangu usije kuniletea habari za fyuzi."

"Basi nianze na lako. Kesho. Nikifunga vibaya nifukuze."

"Gari langu usiliguse."

Hapo ndipo palipouma. Meza ni meza, mtu anaweza kufanyia kazi juu ya ndoo. Lakini mke wa Profesa, ambaye Tochi alimwita Mama tangu akiwa na miaka tisa, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti. Kila Jumanne Profesa alimpeleka hospitali kwa mazoezi, naye alisafiri amelala kwenye kiti cha nyuma, mguu umenyooshwa juu ya mto, hawezi kujiinua bila kushikwa mikono. Waya wa Profesa ulipita chini ya kiti hichohicho. Moto ukianza chini ya mtu wa namna hiyo, nani atamtoa na kwa dakika ngapi? Tochi aliliona jambo hilo zima kwa mara moja. Ilikuwa Jumatano.

Alikusanya spana zake, koleo zake na taa yake ya kupimia umeme, akavitia kwenye mfuko wa turubai. Meza aliiacha. Alipopita karibu na fundi wa rangi, yule bwana alinong'ona, "Omba radhi, dada, yaishe."

"Niombe radhi kwa nani? Kwa fyuzi?"

Gari la muuguzi alilimalizia barabarani, nje ya geti, mbele ya macho ya gereji yote. Alivua saa yake ya chuma kwanza, maana chuma mkononi na betri ni maadui. Akafungua upande wa hasi kabla ya kugusa kitu kingine. Akaona na madhambi mengine yaliyokuwa yamejificha nyuma ya lile kubwa: betri ilikuwa imefungwa kwa ukanda wa tyubu, jambo ambalo gari likigongwa halisaidii lolote, na haikuwa na sanduku. Betri ikichajiwa hutoa hewa inayoshika moto, na hewa ile ilikuwa inabaki humo humo kwenye buti. Tochi alitukana kimoyomoyo, akijitukana mwenyewe.

Alilifunga upya lote. Betri aliitia ndani ya sanduku la plastiki gumu lenye mfuniko, akatoboa sakafu na kupitisha bomba dogo la kutolea hewa nje. Aliibana kwa bamba la chuma lenye boliti zilizoshuka mpaka chini ya gari, akaisukuma kwa mguu, isitikisike. Waya aliuhamishia pembeni, kando ya milango, mbali na reli za viti, ukiwa umevalishwa bomba lenye mikunjo. Kila ulipopenya chuma aliuwekea mpira kwenye tundu. Waya wa hasi alioufunga kwenye chuma cha gari aliukwangulia rangi kwanza mpaka chuma kikang'aa. Na fyuzi, ile kubwa, aliiweka nyuma, shibiri moja tu kutoka kwenye betri. Kipande cha waya kilichoungua alikikata, akakitia mfukoni.

Kipande hicho ndicho kilichofanya kazi siku zilizofuata. Kwa sababu watu, ukweli usemwe, hawapendi kuambiwa gari lao ni bovu wakati linawaka. Msambazaji wa mikate, mwenye moja ya yale manane, alimpokea akiwa na mikono kiunoni.

"Profesa kanipigia simu. Kasema nisikuruhusu uguse gari langu."

"Kakwambia kwa nini?"

"Kasema umevimba kichwa."

"Kweli nimevimba. Fungua buti."

"Gari langu halina shida, dada."

"Halina shida bado." Tochi alikaa juu ya buti la gari lile, miguu inaning'inia, akatoa kile kipande cha waya akampa. "Shika. Nusa. Hicho nilifunga mimi mwenyewe, kwa mkono huu, na nilikuwa na uhakika kama wewe ulivyo na uhakika sasa. Siondoki hapa. Kama unataka kupeleka mikate, nitaipeleka pamoja na wewe nikiwa nimekaa hapahapa."

Msambazaji alinusa. Akamtazama, akanusa tena, akaenda kuleta ufunguo.

Mwalimu mmoja alimkatalia mara mbili, mara ya tatu akakubali ili tu apate usingizi wa mchana. Fundi cherehani alimfungulia bila neno, akamletea na maji ya kunywa. Kila mtu alimuuliza swali lilelile, je, Profesa alikosea? Tochi alijibu kwa namna ileile, "Tulikosea." Hakusema mjomba alikosea, na hakusema hakukosea. Alichoka mpaka mabega yakawa yanamuuma akiinua kijiko, na bado kila asubuhi aliamka na ubishi mpya. Kufikia Jumapili jioni magari manane yalikuwa na fyuzi nyuma. Likabaki moja.

Jumatatu Profesa alikuwa na desturi ya kuliacha gari nyumbani lioshwe kwa safari ya kesho yake, yeye akienda gereji kwa miguu. Tochi aliingia uani saa nne asubuhi. Mama alikuwa amekaa kivulini, mguu juu ya kigoda, anachambua mchele.

"Umekonda," Mama alisema.

"Shikamoo, Mama. Ufunguo wa gari uko wapi?"

"Marahaba. Uko msumarini ulipo siku zote. Nimesikia mmekosana."

Tochi alimweleza yote, kwa maneno machache, bila kutia chumvi. Mama alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea kutoa mawe kwenye mchele. Kisha akauliza, "Sasa si ulitengeneze tu? Mwenyewe hayupo."

"Akikuta nimelitengeneza kwa wizi atafungua fyuzi, ataifunga mbele kama zamani. Unamjua alivyo mbishi."

"Namjua. Nimewalea wawili."

Tochi alifungua buti, akafungua upande wa hasi, akalegeza boliti, akakichomoa kibano kizima kinachoshika kichwa cha betri. Kikamtosha kiganjani. Aliurudisha ufunguo msumarini.

"Na mimi kesho naendaje hospitali?"

"Kwa gari lenye fyuzi nyuma, au kwa teksi nitakayokuletea mimi. Kwa hili lilivyo, huendi."

Mama aliupepeta mchele mara moja. "Haya, iba. Ila funga buti vizuri, kuku wasije wakatagia humo."

Usiku ule Tochi alilala vibaya. Alijua jambo moja lililofanya wizi wake uwe wa kuchekesha: pale gereji, kwenye kopo la rangi chini ya meza yake ya zamani, kulikuwa na vibano zaidi ya arobaini. Profesa angeenda, angechagua, angefunga kwa dakika tatu. Kibano kilikuwa ni neno tu alilomtumia, na Profesa angeweza kabisa kujifanya hakulisikia. Kwa hiyo alfajiri alikuwa tayari amevaa, amepanga na dereva wa teksi, amejiandaa kusimama mbele ya lile gari na kugoma kuondoka hata kama majirani wote wangetoka kutazama.

Hakufika mbali. Profesa alikuwa mlangoni kwake, amekuja kwa miguu, shati lake la kuendea hospitali limechomekwa vizuri, viatu vina vumbi.

"Nipe kibano changu," alisema, bila salamu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Kibano."

"Gereji kuna kopo zima. Unajua lilipo, umeliweka wewe."

Profesa alitazama viatu vyake. Alikuwa mtu mrefu, na kwa mara ya kwanza Tochi aliona kwamba amezeeka mabegani. "Nimekifunga kingine tangu jana jioni," alisema. "Gari linawaka. Mama yako ndiye hataki kupanda. Amekaa uani amevaa, na mkoba mkononi, anasema hapandi mpaka Tochi afike. Nimemwambia tutachelewa. Ananiambia nichelewe mwenyewe."

Tochi aliuma midomo asicheke. Alichukua mfuko wake wa turubai, na sanduku la betri alilokuwa amelinunua tangu Ijumaa, na fyuzi, na bomba. Wakaondoka. Profesa hakujitolea kumbebea sanduku, na Tochi hakumwomba. Nusu ya njia Profesa akalichukua tu, akaliweka begani.

Mama alikuwa pale uani kama ilivyosemwa. Alimtazama mumewe, akamtazama Tochi, akafungua mkoba, akatoa miwani na gazeti la juzi. "Fanyeni. Mimi ninasoma."

Tochi alivua saa. Alifungua upande wa hasi, akang'oa kiti cha nyuma, akakunjua zulia. Chini yake kulikuwa na giza na vumbi la miaka mingi. Alipapasa kwa kidole kufuata waya, akafika pale ambapo chuma cha kushikia kiti kinapinda, kidole kikasimama.

"Kuna tochi kwenye mfuko," alisema. "Mfuko wa pembeni."

Aliisikia ikitolewa. Mwanga ukaja, ukapita juu ya bega lake. Mpira wa waya ulikuwa umeliwa. Bado shaba haijatokeza, ulibaki utando mwembamba ambao ungeweza kuukwangua kwa ukucha, na ulikuwa pale hasa ambapo mtu mgonjwa huweka kiuno chake. Alisogeza kichwa ili aliye nyuma yake aone.

Profesa aliinama akaangalia. Mwanga ukaacha waya, ukapanda ukutani mwa gari, ukamwingia Tochi machoni.

"Mulika kazi, Mjomba," alisema. "Usimulike fundi."

Mwanga ukarudi kwenye waya, ukatulia. Ulitulia hivyo kwa saa nzima na zaidi: alipotoboa sakafu kwa ajili ya bomba la hewa, alipokaza bamba la chuma, alipoupitisha waya mpya kando ya milango. Mara moja tu Profesa alifungua mdomo, Tochi alipokuwa anaweka fyuzi, akasema shibiri yake ni kubwa kuliko ya Tochi na kwa hiyo wapime kwa ya Tochi. Wakapima kwa ya Tochi.

Alipokuwa anarudisha kiti, Profesa alisema, "Liko la kumi."

Tochi aligeuka, spana mkononi. "La kumi lipi? Nayajua yote."

"Hulijui. Ulikuwa umeenda mitihani. Lilikuwa la kwanza baada ya hili langu. Mwenyewe alihama, yuko ng'ambo ya mto, mwendo wa siku nzima. Bado analiendesha, nimeuliza." Alizima tochi, akaiwasha, akaizima. "Nilifikiri nikinyamaza utamaliza tisa ukatosheka. Lile nimelifunga peke yangu na nitalifungua peke yangu. Jumamosi nakwenda. Utakuja unimulikie."

"Siji."

Gazeti la Mama lilishuka kidogo.

"Nilimulika miaka mingi, Mjomba, na sikuuliza kitu. Sasa simuliki tena. Kama ni kwenda, nakwenda kama fundi."

Profesa alimtazama, na kwa kitambo Tochi alifikiri meza imekwenda kwa kweli safari hii, na nyumba pamoja nayo. Hakupepesa macho. Mzee akaigeuza ile tochi mkononi, akaipangusa vumbi kwa shati lake safi la hospitali, akaitia kwenye mfuko wake wa suruali.

"Basi hii itabaki kwangu," alisema. "Njoo mapema, gari hili haliniamini tena."

Tochi alirudisha upande wa hasi mwisho kabisa, akakaza, akafunga mfuniko wa sanduku. Wakamshika Mama kila mmoja mkono wake, wakamlaza kwenye kiti cha nyuma, wakamwekea mto chini ya mguu.